Mcheza kwao hutuzwa, ila si katika makongamano yetu

NILIPOPOKEA ratiba ya kongamano moja la kitaaluma kuhusu sanaa na sera za utamaduni, lililoandaliwa mjini Kisii, nilifanya jambo ambalo wasomi wengi hulifanya ila hawalisemi: nilitafuta jina langu kwanza. Nikaliona. Siku ya kwanza, saa tatu na nusu asubuhi, hotuba kuu. Nilipotosheka ndipo nikaanza kuisoma ratiba tangu juu kama watu wengine.

Kabla ya hotuba yangu palikuwa na mstari mmoja mfupi: "Washiriki kutumbuizwa kwa obokano (dakika 10)." Basi. Kila mtu mwingine aliyetarajiwa kufungua kinywa alikuwa ametajwa kwa jina na cheo, hata yule wa kutoa neno la shukrani. Mpigaji obokano pekee ndiye hakuwa na jina.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na mstari ule una maneno mawili ya kutazamwa.

La kwanza ni "washiriki". Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo. Mshiriki ana fungu lake, ndiyo maana watu wawili wanaofanya biashara pamoja huitwa washirika. La pili ni "kutumbuizwa". Siku hizi tunalitumia kwa maana ya kuburudishwa, lakini maana yake ya zamani, ambayo kamusi bado zinaitunza, ni kumwimbia mtu kwa kumbembeleza hadi atulie au alale, jinsi mama anavyomwimbia mtoto. Kwa hiyo mwandishi wa ratiba, bila kukusudia, alikuwa amesema ukweli wote kuhusu makongamano yetu. Wapo wenye fungu, na yupo aliyeitwa kuwabembeleza.

Kwa msomaji asiyeifahamu, obokano ni ala ya nyuzi 8 ya Abagusii. Ni ya ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu, ila ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito, inanguruma kutoka chini kama radi ya mbali. Beseni lake huchongwa kwa mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, huimba huku akipiga, na nyimbo zake hubeba historia za koo, sifa za wema, maombolezo na kejeli kwa wakubwa.

Aliyepiga siku ile alikuwa kijana wa miaka 30 hivi. Alipogusa nyuzi za kwanza nilishtuka. Niliujua ule mwanguko wa sauti. Nilikuwa nimeusikia kwa miezi 4 mfululizo mwaka 1987, katika boma moja kwenye milima ya Nyamira, nikiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye kinasa sauti kikubwa kama mkate.

Mzee aliyenipokea enzi hizo hakuniuliza barua ya chuo. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia baba na ukoo, akaniambia niketi. Kila nilipokwenda nilimpelekea kilo 2 za sukari na majani ya chai. Nilijaza kanda 11. Kutokana na kanda hizo nilipata shahada, kisha makala yangu ya kwanza katika jarida la kimataifa, kisha kupandishwa cheo. Katika tasnifu yangu mzee yule anaitwa "Mhojiwa Na. 4".

Tulifundishwa kuficha majina ili kumkinga anayehojiwa, na kwa mtu anayekueleza siri za ndoa yake hilo ni jambo la haki. Lakini hebu fikiri: mtunzi wa nyimbo anakingwa dhidi ya nini anaponyang'anywa jina? Hakuna mhakiki anayemwita Shaaban Robert Mhojiwa Na. 4.

Kijana alimaliza dakika zake 10, akapigiwa makofi, akabeba obokano yake akatoka nje. Nikapanda jukwaani nikazungumza kwa dakika 40 juu ya umuhimu wa kumweka msanii katikati ya sera. Nilipigiwa makofi pia.

Alinikuta wakati wa chakula cha mchana. Yeye hakuwa na kuponi, kwa sababu kuponi zilikuwa za washiriki. Alinisalimu kwa heshima, kichwa kimeinama kidogo.

"Mwalimu, mimi ni mjukuu wa mzee fulani," akalitaja jina. "Nakuita mwalimu kwa sababu sokoro alikuwa akikuita hivyo."

Nikamwambia nimemtambua kwa mkono wake kabla hajasema.

"Sokoro alituambia sauti yake iko kwa mwalimu, kwenye kanda. Alisema akishakufa tukaisikilize huko. Mimi nilifundishwa na baba mdogo, na yeye anajua nyimbo 6 tu. Hizo kanda ziko wapi?"

Nilimpa jibu la kisomi. Nilimwambia kanda zimehifadhiwa.

Sasa ngoja tulitazame neno hilo nalo, maana usiku ule halikuniacha nilale. Kuhifadhi, katika Kiarabu lilikotoka, ni kulinda, na pia ni kutia moyoni. Aliyehifadhi Kurani hana haja ya kabati. Kitabu kizima kimo kifuani mwake. Kwa maana hiyo aliyehifadhi nyimbo 6 za mzee yule ni mwanawe, na baada yake mjukuu. Mimi nilichofanya ni kuweka. Kanda 9 nilizikabidhi idarani, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, zikatiwa kwenye sanduku, sanduku likatiwa stoo, stoo ikahamishwa mara mbili na paa likavuja. Mbili zilibaki nyumbani kwangu. Ukweli ni kwamba nyimbo zote za mzee, ukiondoa zile 6, zilikuwa zimo humo, na mimi nilikuwa sijazisikiliza kwa zaidi ya miaka 20. Nilikuwa nikizinukuu tu kutoka katika makala zangu mwenyewe.

Nasimulia aibu hii kwa sababu sidhani ni yangu peke yangu, na kwa sababu alasiri ile ile nilikaa katika kikao kilichoonyesha vizuri jinsi tunavyoizalisha.

Mtoa mada alizungumzia sheria. Alikuwa ameifanya kazi yake barabara, sina neno naye. Alitukumbusha kwamba Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni ikapatikana mwaka 2016, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuwa na daftari la kusajili maarifa na kazi hizo. Alitukumbusha pia Jedwali la Nne la Katiba, ambalo linazikabidhi kaunti shughuli za kitamaduni, burudani za umma, maktaba na makavazi. Katika orodha hiyo hiyo, msomaji akitaka kucheka au kulia, mna kamari, mbio za mashindano na leseni za pombe.

Yote hayo yalisemwa kwa Kiingereza, kwa projekta, katika ukumbi ambao hakukuwa na msanii hata mmoja. Mtu ambaye sheria ile ilitungwa kwa ajili yake alikuwa nje chini ya mti, akingojea nauli yake. Hakuna aliyeuliza daftari la kaunti liko wapi, ni nani analijaza, na mpigaji obokano wa Nyamira aende ofisi gani kuandikisha nyimbo za babu yake. Mimi pia sikuuliza. Kulikuwa na kikao kimoja cha Kiswahili, sambamba na kile, katika chumba kidogo nyuma ya maktaba. Ekegusii, ambayo ndiyo lugha ya nyimbo zenyewe, ilisikika mara mbili: katika sala ya kufungua na jikoni.

Hili si jambo geni wala halikuanzia Kisii. Mnamo Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Mkutano ule uliitwa wa waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, alistahili kualikwa. Shaaban Robert, mwenye vitabu vya mashairi na nathari kwa Kiswahili, hakustahili, kwa kuwa lugha yake haikuwa kwenye mwaliko. Alifariki mwezi ule ule. Ngũgĩ mwenyewe aliieleza kasoro hiyo baadaye katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa akili. Miaka zaidi ya 60 imepita, na sisi bado tunaitisha mikutano ya utamaduni ambamo mlango ni lugha, na mwenye utamaduni hana ufunguo.

Lakini nisionekane mtu wa kubomoa tu. Yapo makongamano yaliyozaa. Septemba 1974, katika shule ya Nairobi School, walimu wa shule za sekondari walikutana na wahadhiri wa chuo kikuu kujadili ufundishaji wa fasihi ya Afrika katika shule za Kenya. Walidai fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya mtaala na fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Mapendekezo hayo hayakutekelezwa kesho yake, na yalipingwa, lakini leo mtoto wa Kenya anayesoma fasihi hukutana na ngano, methali, vitendawili na nyimbo za watu wake darasani. Tofauti ni ipi? Walioketi kwenye viti mwaka ule ndio waliokuwa na chaki mikononi Jumatatu iliyofuata. Waliazimia jambo ambalo wao wenyewe wangelifanya.

Maazimio yetu sisi huanza na maneno "serikali inafaa". Serikali inafaa kutenga fedha. Serikali inafaa kujenga kituo. Kisha tunayapigia makofi, tunapiga picha ya pamoja, na maazimio yanageuka kuwa maazimo: kitu tulichokiazima kwa siku 3 tukakirudisha. Ilhali njia ya kuifikia serikali ya kaunti inajulikana na ina tarehe. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Katikati ya tarehe hizo wananchi wana haki ya kutoa maoni. Azimio lisiloandikwa kwa lugha ya bajeti na kuwasilishwa kabla ya tarehe hizo ni wimbo wa kubembeleza, nao haustahili hata zile dakika 10.

Na hapa Gusii tuna mtihani wa ziada. Lugha ni moja, nyimbo ni moja, lakini tangu 2013 kaunti ni mbili. Kisii na Nyamira zimewahi kuvutana kuhusu mpaka katika mji wa Keroka, ambako ushuru wa soko una utamu wake. Sijawahi kusikia zikivutana kuhusu nani alipie masomo ya obokano, au nani awatunze akina mama wazee wanaoijua ribina, ile ngoma ya kuomba mvua. Kongamano la wasomi lingekuwa mahali pazuri pa kuanzisha uvutano wa namna hiyo.

Siku ya tatu tulipelekwa Tabaka, kule kunakochongwa mawe ya Kisii. Ratiba iliita "ziara ya kimasomo", saa 1 na dakika 30. Wakati huohuo kikao chetu cha asubuhi, kilichofanyika hotelini chini ya feni, kiliitwa "warsha". Neno warsha maana yake ya msingi ni karakana, mahali fundi anapofanyia kazi kwa mikono. Nilisimama Tabaka katikati ya vumbi jeupe nikaona warsha yenyewe.

Wanaume huchimba jiwe mashimoni kwa sululu na jembe, mashimo ambayo mvua ikinyesha hujaa maji na kuta zake huweza kuporomoka. Jiwe linapotoka huwa laini, huchongwa kwa panga lililofupishwa na visu vidogo. Kisha hupokewa na wanawake, ambao hulisugua kwa msasa katika karai la maji hadi ling'ae, vidole vikiwa vimeloa kutwa. Kutoka hapo kiboko au sahani huchukuliwa na mlanguzi, na bei hupanda kila inapovuka daraja moja: Kisii, Nairobi, ng'ambo. Kijiji hiki ndicho kilichomtoa Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani, kazi ya mwaka 1978, yuko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Sijui nchi nyingine ingalikuwa na kijiji kama hiki ingekipa ziara ya saa 1 na nusu.

Wenzangu walianza kubembeleza bei. Profesa mzima anamwomba mama apunguze shilingi 50 kwenye sahani ya sabuni! Mchongaji mmoja, mzee wa makamo, aliuliza kwa Kiswahili, bila ukali:

"Sasa nyinyi mmekuja kununua ama kuuliza?"

Tukacheka. Hakuna aliyejibu, na basi lilikuwa limeshaanza kupiga honi. Nakiri kwamba swali lile lilikuwa na uzito kuliko mada zote tulizosikiliza, ikiwemo yangu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wenzangu wataniambia kongamano la kitaaluma si baraza la chifu. Ni mahali pa kupima nadharia, kuwalea wanafunzi na kukosoana kwa ushahidi. Ni kweli. Mwanafunzi anayewasilisha makala yake ya kwanza, akitetemeka, anahitaji ukumbi kama ule, na nimewaona wengi waliokomaa hapo. Sitaki kila mkutano wa wasomi uwe tamasha. Lakini tunapoandika "sera" katika kichwa cha mkutano, tumeahidi kitu kingine. Sera ni mwongozo wa utendaji. Huwezi kuijadili bila mtendaji, jinsi ambavyo madaktari hawawezi kukata shauri la upasuaji huku mgonjwa akiwapigia kinanda mlangoni.

Wazee wa Abagusii walikuwa na etureti, baraza la kuamua mambo ya mtaa. Aliyekuwa na kesi alisimama akasema kesi yake mwenyewe. Hatukuhitaji kusafiri Mexico au Accra, kulikofanyika mikutano mikubwa ya UNESCO kuhusu sera za utamaduni, ili kujua hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, nami nimeanza kuyatumia kama masharti ya kukubali mwaliko. Msanii aandikwe kwenye ratiba kwa jina lake, aketi ndani kama mshiriki, na baada ya kupiga aulizwe maswali na kujibu kwa Ekegusii au Kiswahili, kuwe na mkalimani kwa asiyeelewa. Alipwe kama anavyolipwa mtoa hotuba kuu. Kila azimio liwe na mwenyewe na tarehe, na kongamano linalofuata lianze kwa kusoma yale ya awali na kusema lipi limefanyika. La mwisho linatuhusu sisi watafiti: aliyechukua sauti ya mtu airudishe nakala nyumbani kwa mwenye sauti kabla ya kuipeleka kokote.

Hili la mwisho nimelianza, kwa kuchelewa. Zile kanda 2 zilizobaki kwangu nilizipeleka kwa fundi Nairobi. Moja ilikuwa imegandamana, ikakatika. Nyingine ilifunguka: dakika 41, mzee akiimba, mbuzi wakilia nyuma, na sauti ya kijana mmoja mwenye haraka ikimkatiza kumuuliza wimbo huo "una dhamira gani". Kijana huyo ni mimi. Niliitia sauti ile katika simu nikapanda matatu hadi Nyamira.

Tuliisikiliza tukiwa watu 9 sebuleni. Mjane wa mzee, ambaye sasa haoni vizuri, aliomba irudiwe mara 3. Mjukuu hakusema kitu. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya goti. Wimbo wa pili hakuwa amewahi kuusikia.

Nilipokuwa nikiaga niliomba ruhusa ya kulichapisha jina la babu yake katika safu hii, ili angalau mara moja atajwe kwa jina na mimi niliyelificha. Alinisindikiza hadi barabarani, akasimamisha boda boda, akanifungia kofia ya helmeti kidevuni kama mtoto.

"Mwalimu," akasema, "sokoro alituambia kanda zilikuwa 11. Tuletee zingine, halafu tutaongea mambo ya jina."

Jumatatu nimeomba ufunguo wa ile stoo.